Nani aliamua dumu la maji liwe vile? Kwa wanaofikiria kusomea usanifu wa bidhaa

Kila matokeo ya form six yakitoka naanza kupata meseji za aina moja, kozi fulani ina kazi au haina, na safari hii moja ilitoka kwa mtoto wa dada yangu: "Shikamoo mjomba, nataka kusomea indastrial dizaini ila baba anasema nitaishia kuchora viwanda." Nikamjibu marahaba, alafu nikakaa na simu mkononi maana jibu la sentensi moja sikuwa nalo. Kwenye grupu la familia mambo yalishachanganyika, shangazi mmoja anasema hiyo ni uhandisi wa viwanda ipo pale UDSM, mwingine anasema ni kubuni nguo, binamu yetu aliyeko Nairobi anasema ni kutengeneza logo. Siwalaumu. Ila kuna watoto wengi wanajaza fomu na wanaambiwa hayo hayo nyumbani, kwa hiyo naandika kwa urefu.

Shida inaanzia kwenye maneno. Kiswahili kinamjua msanifu majengo, kinamjua mbunifu wa mavazi, kinajua mafundi wa kila aina, seremala, mhunzi, mfinyanzi, mshonaji. Lakini yule aliyekaa akaamua ndoo ya lita 20 iwe na mdomo wa upana gani na mkono wake uwe mnene kiasi gani usikate vidole, huyo hatuna jina lake la kila siku. Basi tunaona kama ndoo imetoka tu kiwandani, kama vile mashine ndo iliamua. Mimi humu nitamwita msanifu wa bidhaa, na fani yake ndo hiyo indastrial dizaini, wengine wanaiita usanifu wa viwandani. Kazi yake ni kuamua kitu kinachotengenezwa kwa wingi kiweje: umbo, ukubwa, kinashikwaje, kinafunguliwaje, ni cha plastiki au bati au mbao, kitauzwa bei gani, na kikivunjika nani atakitengeneza.

Hapo neno la kushika ni "kwa wingi", na njia rahisi ya kulielewa ni jikoni. Mama anayepika chapati, kila chapati ni ya mkono wake, ya kwanza ina pembe, ya pili duara safi, ya tatu imeungua kidogo, na akitaka ya kesho iwe kubwa zaidi anaamua hapo hapo. Huyo ni kama fundi. Sasa angalia vitumbua. Umbo la kitumbua haliamuliwi na anayemwaga uji wa mchele, limeshaamuliwa na vile vishimo kwenye chuma. Aliyetengeneza chuma ndo aliamua ukubwa wa kila kitumbua kitakachouzwa pale mtaani kwa miaka kumi. Na ukiangalia vizuri vishimo vile pembeni vimelala, havijasimama wima, kwa sababu vingesimama wima kitumbua kingeng'ang'ania humo humo ukikigeuza. Ndoo ya plastiki ni hivyo hivyo, chini nyembamba juu pana, ili itoke kwenye kalibu, yaani chuma kinachoipa umbo kiwandani, bila kukwama, alafu pia ndoo 50 ziingie moja ndani ya nyingine kwenye lori badala ya kusafirisha hewa kutoka Dar mpaka Mwanza. Msanifu wa bidhaa ni mtu wa kuamua vishimo vya chuma. Akikosea, hajakosea kitumbua kimoja.

Hili la kalibu, au moldi kama wanavyosema wa viwandani, ndo linafanya kazi hii iwe nzito kuliko watu wanavyodhani. Tuseme moldi ya beseni fulani inagharimu shilingi milioni 30. Ukitoa mabeseni 300 tu, kila beseni limebeba 100,000 ya moldi peke yake, hakuna mtu atanunua. Ukitoa 30,000, kila moja linabeba 1,000. Kwa hiyo kabla chuma hakijachongwa lazima mtu awe ameshahangaika na makaratasi, kadibodi, udongo, povu, mfano wa kwanza, wa pili, wa saba, akawapa watu washike, akawaona wanavyoshindwa, akarekebisha. Moldi ikishachongwa kurekebisha ni pesa nyingi na wakati mwingine haiwezekani kabisa. Ukimsikia mtu anasema wasanifu wanapoteza muda kuchezea kadibodi, mwambie kadibodi ni bei ya mchele na moldi ni bei ya kiwanja.

Na mhandisi je? Hapa ndo shangazi zangu walipochanganya. Uhandisi wa viwanda, ule wa UDSM, unahusu kiwanda chenyewe kiendeje, mashine zipangweje, uzalishaji usikwame, gharama zishuke. Mhandisi mitambo anahakikisha kitu hakivunjiki na kinafanya kazi. Msanifu wa bidhaa anasimama upande wa mtu atakayekitumia, anauliza huyu mama ana mikono miwili, mmoja umeshika mtoto, atafunguaje hiki? Kwenye ofisi nyingi watu hawa wanakaa meza moja na mipaka yao inaingiliana, na kwenye kampuni ndogo za kwetu mara nyingi ni mtu mmoja huyo huyo. Lakini swali analoamka nalo kila mmoja ni tofauti, na wewe unayejaza fomu ujiulize swali lipi ndo linakukaa kichwani.

Mfano wangu mkubwa ni dumu, kwa sababu kila nyumba inalo. Asili yake sio maji. Wajerumani walilitengeneza miaka ya 1930, la chuma, lita 20, la kubebea mafuta ya magari ya jeshi. Waingereza walivyolikuta vitani walilikubali wakaliiga, na jina jerikeni limetoka hapo, maana "Jerry" ndo jina walilokuwa wanawaita Wajerumani. Juu lilikuwa na mikono mitatu na haikuwa urembo: askari mmoja anashika ule wa katikati, askari wawili wanashika ya pembeni wakilibeba pamoja, na likiwa tupu mtu anabeba mawili mkono mmoja kwa kuyashika mikono inayokutana. Ubavuni kulikuwa na mistari mikubwa ya msalaba iliyobonyezwa, inakaza bati na inaruhusu litanuke mafuta yakipata joto. Yaani kila mkunjo una sababu.

Sasa dumu letu la njano. Limekuja na mafuta ya kula, mafuta yakaisha, likageuka chombo cha maji kwa Afrika Mashariki nzima. Mkono umebaki mmoja juu. Likijaa maji ni kilo 20, na anayelibeba sio askari, ni mama, au mtoto wa darasa la nne. Mdomo ni mwembamba, hilo lina faida kubwa kwa sababu mikono michafu na vikombe haviingii, maji yakiwa safi yana nafasi ya kubaki safi, ndo maana watu wa afya wanapenda chombo chenye mdomo mwembamba na mfuniko. Lakini mdomo huo huo ndo unazuia mkono wako usiingie kusugua, ile rangi ya kijani inaota ndani, watu wanatia mchanga na kokoto wanatikisa. Ukipanua mdomo unapata usafi wa dumu unapoteza usafi wa maji. Ukiwa mtu wa kukaa na swali la namna hiyo wiki nzima bila kuchoka, bila mtu kukulazimisha, nadhani una kitu. Ukiona "aah ni dumu tu", hakuna ubaya, ila labda hii sio yako.

Kuna wanaosema kazi hii ni ya Wazungu, ni ya simu na magari ya kifahari. Hapana. Jiko la mkaa lenye udongo ndani, lile wengi wanaliita jiko la Kenya au jiko bora, ni usanifu wa bidhaa wa hapa hapa na mimi nalihesabu kati ya bora duniani. Zamani jiko lilikuwa bati tupu, joto nusu linaenda kwenye miguu ya mpishi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wakenya, Max Kinyanjui akiwa mmoja wao, walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand lenye udongo ndani wakalileta kwetu. Likasumbua. Udongo ulijaa mpaka chini, likawa zito, udongo unapasuka. Ndo likaja umbo tunalolijua leo, juu pana, katikati kiuno, chini pana tena, udongo unakaa nusu ya juu tu ambapo moto upo, na chini kwa kuwa pana jiko halipinduki mtu akisonga ugali kwa nguvu. Bati likakatwa na mafundi wa jua kali wale wale waliokuwa wanatengeneza jiko la zamani, kwa vifaa walivyonavyo. Akiba ya mkaa inayotajwa ni kati ya asilimia 30 na 50. Hakuna printa ya kisasa wala programu ya kompyuta iliyohusika, kuna watu waliokaa na wapishi na mafundi, wakakosea, wakarudi.

Na hata usomi wake sio mgeni kwetu. Miaka ya 1960 Chuo Kikuu pale Nairobi kulikuwa na msanii wa Afrika Kusini, Selby Mvusi, aliyefundisha usanifu wa viwandani kabla hajafa kwa ajali ya gari mwaka 1967. Mwaka 1979 India waliita mkutano Ahmedabad na shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, likatoka tamko kwamba nchi zinazoendelea zitumie usanifu kujijenga. India ilishaanzisha taasisi yake ya taifa ya usanifu mwaka 1961. Inaniuma nikilinganisha walivyokwenda na sisi tulivyokwenda.

Lazima niseme pia upande mbaya, maana usanifu ukikosewa unaumiza watu. Kulikuwa na pampu ya maji kutoka Afrika Kusini iliyoitwa PlayPump, bembea ya kuzunguka, watoto wanacheza alafu maji yanapanda kwenye tanki. Picha zake zilikuwa nzuri mno, mwaka 2006 wafadhili wakubwa Marekani waliichangia, zikapelekwa Msumbiji, Zambia na Malawi. Kilichotokea ni kwamba watoto wanachoka, wako shule, wakati mwingine hawataki tu, na maji yanahitajika alfajiri, kwa hiyo kina mama wakajikuta wanasukuma bembea kwa mikono, wazee kwa vijana, na zikiharibika fundi hayupo wala kipuri. Kufikia 2010 mradi ule ulikuwa umekosolewa waziwazi. Waliochora walimuona mtoto anayecheza, hawakumuona bibi saa kumi na moja asubuhi.

Ndo maana ile hofu ya kwanza ya vijana, "mimi sijui kuchora", huwa naipa uzito mdogo. Kuchora kunasaidia, unatakiwa uweze kumuonyesha fundi unamaanisha nini, lakini mchoro wa kueleweka unafundishika kwa miezi michache kama mtu anavyojifunza kuandika. Kinachoshinda wengi ni kurudia. Umetengeneza mfano umeupenda, unampa mtu, anaushika kinyume, na badala ya kumwambia "sio hivyo bibi" unatakiwa urudi nyumbani ukakubali kwamba umekosea wewe. Kuna watu wana vipaji vikubwa vya kuchora na hilo hawaliwezi, wao bora sanaa, ambako kazi ni yako na jina lako liko chini. Kwenye usanifu wa bidhaa jina lako halitajwi. Kile kiti cha plastiki cha kwenye misiba na harusi, kipande kimoja kisicho na msumari, kinatoka kwenye mashine kwa kama dakika moja, kina babu zake kikiwemo cha Mfaransa Henry Massonnet cha mwaka 1972, na nina uhakika umekikalia mara elfu bila kulisikia hilo jina.

Hofu nyingine ya siku hizi ni akili bandia. Kweli sasa hivi unaandika maneno mawili inakutolea picha ya kiti kizuri. Ila picha haina uzito, haijakaliwa na mtu wa kilo 110, haijui kama kile kiungo kinatoka kwenye moldi au kinakwama, na haijaenda Keko, kwa mafundi fanicha wa Dar, kumuuliza fundi mbao ya unene ule inapatikana bei gani. Sehemu ya kazi itabadilika, hilo sibishi, waliokuwa wanalipwa kupamba picha tu wana wasiwasi wa haki. Printa za 3D nazo watu walisema zitaua viwanda, lakini printa inatumia masaa kwa kitu kimoja, moldi inatumia sekunde. Printa imebaki kuwa rafiki wa kutengenezea mfano.

Sasa swali lililojificha kwenye maneno ya baba. Kazi ipo?

Nitakuwa mkweli. Ukitafuta tangazo lililoandikwa "tunahitaji msanifu wa bidhaa za viwandani" Tanzania, unaweza kumaliza miezi bila kuliona. Hata Marekani fani hii ni ndogo, takwimu za serikali yao zinahesabu wasanifu wa viwandani 30,000 na ushee hivi, wakati wahandisi mitambo ni zaidi ya robo milioni. Pia hamna bodi ya kukulinda jina kama ERB ya wahandisi au AQRB ya wasanifu majengo, hamna ngazi ya mshahara inayoeleweka, na mzee wako atapata tabu kueleza msibani mwanae anafanya kazi gani. Kama familia inakutegemea uanze kuleta pesa mara tu ukimaliza, hilo ni jambo la kweli, lipime, usione aibu kulipima.

Lakini kazi yenyewe, nikitoa jina, ipo. Ipo Ruiru kwenye kiwanda cha BURN wanakotengeneza jiko la Jikokoa, ipo kwa wanaounda pikipiki za umeme Nairobi kama Roam, ipo kwenye viwanda vya plastiki Dar, kwenye fanicha, kwenye vifungashio vya unga na asali, kwenye taa za sola, kwenye vifaa vya hospitali, Arusha kuna TEMDO na CAMARTEC ambazo serikali iliziunda kwa kazi za kubuni mashine na zana za kilimo. Humo utaitwa afisa bidhaa, au mhandisi, au mtu wa maendeleo ya bidhaa, au "yule kijana wa michoro". Anayetafuta jina atakosa, anayetafuta kazi akiwa na mifano mkononi ya vitu alivyotengeneza ana nafasi, na nafasi kubwa zaidi anayo aliyeunganisha na kitu kingine, usanifu pamoja na ufundi mitambo wa VETA, au usanifu na umeme, au usanifu na biashara.

Shule: kwa majirani zetu, Chuo Kikuu cha Nairobi kina digrii ya usanifu, Kyambogo kule Uganda kina idara ya sanaa na usanifu wa viwandani, Makerere wana shule ya Margaret Trowell yenye sanaa za viwandani. Afrika Kusini iko Johannesburg na Cape Town. Ulaya na Asia zipo nyingi, ila kokote nje unapokwenda hakikisha kwanza TCU, tume ya vyuo vikuu ya Tanzania, watakitambua cheti, na andaa potifolio, yaani mkusanyiko wa kazi zako, maana vyuo vingi vya usanifu vinaangalia ulivyotengeneza kabla hata ya alama zako. Kama hela ya nje haipo, uhandisi mitambo hapa nyumbani huku unatengeneza vitu vyako pembeni sio njia ya kushindwa, wapo wengi wazuri waliopita huko. Na ukija kubuni umbo jipya kabisa, Kenya linasajiliwa KIPI, taasisi yao ya mali bunifu, miaka 5 na unaweza kuongeza mara mbili mpaka 15. Kwenye sheria hapo "dizaini ya viwandani" ina maana ya muonekano wa kitu tu, ni finyu kuliko fani yenyewe, wengi hapo pia wanachanganya.

Nilichomwambia mtoto wa dada sio "nenda" wala "acha". Nilimwambia ana mwezi mmoja kabla ya dirisha la maombi, amtafute mtu mmoja mwenye shida moja ya kitu, sio shida ya dunia, amtengenezee, amuangalie anavyotumia, arekebishe angalau mara tatu. Alimchagua bibi yake, ambaye magoti yanamuuma na hawezi tena kuinua dumu lililojaa kumimina kwenye sufuria. Mfano wa kwanza alitengeneza kwa mabanzi na misumari, kitanda cha kulaza dumu ili uliinamishe tu bila kulibeba. Dumu likateleza mbele maji yakamwagika jikoni kote. Wa pili ulishika vizuri, ila bibi hakuutumia, na alipomuuliza kwa nini, bibi akasema "mwanangu umekaa pale ninapowekaga ndoo ya unga." Alinipigia kunieleza hilo akicheka, na alishapima upya ile kona ya jiko, kumbe kuna sentimita 40 tu kati ya ukuta na mlango.

Wa tatu ni mwembamba, unasimama, una kamba ya kuvutia. Uko kwa bibi tangu Jumapili. Jana kamba imekatika, kwa hiyo Jumamosi anarudi na mkanda wa begi la zamani kuona kama utahimili, na baba yake amesema atamsindikiza kubeba msumeno.